Laini Moja, Mafundi Wengi: Historia ya Kutegemeka na Matengenezo ya Laini za Kukodi katika Nchi za Afrika Mashariki Zisizo na Pwani, 1879–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya laini za mawasiliano ambazo taasisi na makampuni hukodi kwa matumizi yao pekee katika Uganda, Rwanda na Burundi, tangu enzi ya telegrafu hadi kukatika kwa mikongo ya baharini mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba laini hizo zimekuwa zikinunuliwa kama kitu kimoja lakini zikitengenezwa vipande vipande. Kutegemeka kwake kumeamuliwa na suala la nani mwenye wajibu wa kwenda kuitengeneza, kuliko aina ya waya uliotumika. Makala yanaonesha jinsi wajibu huo ulivyokuwa mikononi mwa chombo kimoja, jinsi ulivyogawanyika baada ya mwaka 1977, na kwa nini mikongo mingi iliyofika pwani tangu mwaka 2009 haikuuunganisha tena.

Utangulizi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Intaneti ilidhoofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska. Kwa mtu wa kawaida mwenye simu ya mkononi, siku hiyo ilikuwa ya kero. Kwa taasisi iliyokuwa ikilipa ada ya kila mwezi ili iwe na laini yake maalumu, isiyochangiwa na mtu mwingine, ilikuwa siku ya swali: kile kilichonunuliwa kilikuwa nini hasa?

Laini ya kukodi, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni njia ya mawasiliano ambayo mtoa huduma huitenga kwa mteja mmoja, kwa kipimo data kilekile cha kupakia na kupakua, pamoja na mkataba unaotaja kiwango cha upatikanaji na muda wa kushughulikia hitilafu. Huduma ya kawaida ya nyumbani haina ahadi hizo. Majirani hugawana njia moja, na kasi hupanda na kushuka kwa kadiri wanavyoitumia. Tofauti ya bei kati ya huduma hizo mbili ni kubwa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni malipo ya ahadi. Benki, hospitali za rufaa, vyuo vikuu, mamlaka za mapato na idara za forodha hulipia ahadi hiyo kwa kuwa shughuli zao haziwezi kungoja.

Fasihi ya sera za mawasiliano katika kanda imejikita zaidi katika bei na kuenea kwa huduma. Mambo hayo ni muhimu, lakini yameacha historia ya matengenezo gizani. Mikongo ikizinduliwa, marais hufika na magazeti huandika. Fundi anayeunganisha nyuzi usiku wa manane kando ya barabara ya Masaka haandikwi popote.

Waya wa kwanza na waliouchunga

Waya wa kwanza wa chini ya bahari kufika Afrika Mashariki ulitandazwa mwaka 1879 na kampuni ya Eastern and South African Telegraph, kutoka Aden hadi Zanzibar, Msumbiji na hatimaye Durban. Mwaka 1890 Mombasa iliunganishwa na Zanzibar. Inafaa kuikumbuka njia hiyo, kwa kuwa mikongo ya leo imefuata nyayo zilezile: lango la kaskazini kupitia Bahari ya Shamu, na lango la kusini kupitia Natal. Malango hayo mawili ndiyo yaliyofungwa, moja baada ya jingine, mwaka 2024.

Bara, waya ulifuata reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingo wa Ziwa Viktoria, palipo Kisumu ya leo, mwaka 1901. Nguzo za telegrafu zilisimama kando ya reli hiyo, na hitilafu zake zilikuwa za aina nyingi. Twiga walipita na kukata nyaya kwa shingo zao. Katika nchi ya Wanandi, nyaya za shaba zilichukuliwa na kufanywa mapambo, na misumari ya reli ikafuliwa silaha. Taarifa za kikoloni ziliyaita matendo hayo wizi. Kwa upande wa Wanandi, ambao upinzani wao uliendelea hadi kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mwaka 1905, waya huo ulipita katika ardhi yao bila ridhaa yao na haukuwaletea faida yoyote. Jambo hilo halijapitwa na wakati. Hata leo nyuzi za mwanga hupita mbele ya vijiji vingi ambavyo havina huduma inayotokana nazo, na mitaro yake bado hufukuliwa na watu wanaodhani ndani mna shaba.

Pamoja na hayo yote, mpangilio wa matengenezo ulikuwa wazi. Mwenye reli alikuwa na waya, alikuwa na stesheni zenye makarani wa telegrafu, na alikuwa na magenge yaliyolala kando ya njia. Waya ukikatika kati ya stesheni mbili, makarani wa pande zote mbili waliweza kutambua kipande chenye hitilafu, na fundi akapanda kiberenge. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe ni nani mwenye jukumu.

Shirika moja lenye makao Kampala

Mwaka 1933 huduma za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya utawala mmoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, huduma hizo zikawa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na makao yake makuu yakapangiwa Kampala. Mawasiliano ya nje ya kanda yalikuwa na kampuni yake, na kuanzia mwaka 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot, Kenya, kilianza kuhudumu.

Laini za kukodi za wakati huo zilikuwa za sauti na teleksi. Walioziomba ni mashirika ya ndege, benki na vyombo vya habari. Si sahihi kuusifu mno mfumo huo: mwananchi aliyeomba simu aliweza kungoja miaka, na vijijini waya haukufika kabisa. Hata hivyo, laini iliyokodiwa kutoka Kampala hadi Mombasa ilikuwa na mwenyewe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilipopita Malaba haikubadilisha bwana.

Rwanda na Burundi zilikuwa nje ya utaratibu huo. Chini ya Ubelgiji mawasiliano yake yalielekezwa Kongo na Brussels, na baada ya uhuru mawasiliano mengi kati ya nchi za Afrika zilizotawaliwa na wakoloni tofauti yaliendelea kupitia miji mikuu ya Ulaya. Kigali na Kampala ni miji iliyo mwendo wa siku moja kwa gari. Kwa waya, ilikuwa mbali zaidi ya hapo.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Kila nchi ikabaki na shirika lake la posta na simu. Mgawanyo wa mali na madeni ulichukua miaka, chini ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, hadi mkataba ulipotiwa saini mwaka 1984. Majengo yaligawanywa, mitambo ikagawanywa, pensheni zikagawanywa. Wajibu wa kuvuka mpaka kwenda kutengeneza waya haukuwa mali wala deni, na kwa hiyo haukuwa na fungu lake katika hesabu. Kuanzia hapo, laini inayovuka mpaka ilikuwa laini mbili zilizofungwa fundo mpakani, kila upande ukijibu kwa kipande chake. Mpangilio huo haujabadilika hadi leo, ila wenye vipande wameongezeka.

Dishi uani

Intaneti ilipofika miaka ya 1990, nchi zisizo na pwani hazikungoja waya. Taasisi iliyojiweza iliweka dishi uani na kukodi nafasi kwenye setilaiti. Gharama ilikuwa kubwa sana, maelfu ya dola kwa mwezi kwa kipimo data ambacho leo kinaonekana kichache hata kwa simu moja. Kwa kuwa setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ujumbe ulichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na mazungumzo ya sauti yakawa ya kupishana. Mvua kubwa ilidhoofisha mawimbi.

Lakini dishi lilikuwa na sifa moja ambayo wanahistoria wa mawasiliano hawajaizingatia vya kutosha: lilikuwa na mikono michache. Kati ya uani mwa taasisi na kituo cha mtoa huduma kilichoko Ulaya au Marekani hapakuwa na mtaro, daraja, mpaka wala mkandarasi wa barabara. Hitilafu ikitokea, aliyepigiwa simu ni mmoja. Ama kifaa kilichoko uani kina kasoro, ama kituo cha mbali kina kasoro, ama umeme umekatika na jenereta haina mafuta. Wasimamizi wa mifumo wa kizazi hicho walizoea kujua, ndani ya dakika chache, ni nani wa kumlaumu.

Sera, kwa upande wake, ililinda wachache. Kenya ilikuwa na mashirika ya umma yenye haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya nje. Uganda ilikuwa na makampuni mawili yaliyolindwa hadi mwaka 2005. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kituo cha kubadilishana mawasiliano cha Nairobi, KIXP. Kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000 ili ujumbe kati ya watoa huduma wawili wa Nairobi usilazimike kwenda ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Ndani ya wiki chache mdhibiti alikifunga, baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinavunja haki yake ya pekee. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Tanzania na Rwanda zilipata vituo vyao mwaka 2004.

Kwa mada ya kutegemeka, vituo hivyo vina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mkongo wa nje ukikatika, mawasiliano kati ya benki na matawi yake ndani ya nchi moja huweza kuendelea iwapo yanabadilishwa nchini. Taasisi nyingi zilizokwama Mei 2024 hazikukwama kwa sababu zilitaka kuwasiliana na Ulaya. Taarifa zao wenyewe, za wateja wao wenyewe, zilihifadhiwa kwenye vituo vya data vya ng'ambo.

Mikongo yafika pwani

Mjadala wa kujenga mkongo wa EASSy ulichukua miaka, na kiini chake kilikuwa haki ya nchi zisizo na pwani. Je, Rwanda au Uganda itanunua nafasi kwa bei ileile anayopewa mwenye ufukwe, au itanunua kutoka kwa jirani kwa bei atakayopenda jirani huyo? Itifaki ya Kigali ya mwaka 2006 ilikusudia kujibu swali hilo kwa kanuni ya ufikiaji wa wazi. Kenya iliona mwendo ni wa polepole, ikaanzisha mradi wake, TEAMS, wa kwenda Fujairah. Hatimaye SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS ikafuata mwaka huohuo, na EASSy Julai 2010. ONATEL ya Burundi na Uganda Telecom zilikuwa miongoni mwa wanahisa wa kampuni iliyobeba hisa kubwa ya EASSy, jambo lililomaanisha kuwa nchi isiyo na bahari iliweza kumiliki kipande cha mkongo wa baharini.

Ndani ya nchi, ujenzi ulikwenda sambamba. Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliofika Mutukula mpakani na Uganda, Rusumo mpakani na Rwanda, na Kabanga mpakani na Burundi. Uganda ilijenga mkongo wake wa taifa kwa mkopo wa China. Rwanda ilitandaza nyuzi hadi wilayani. Burundi ilijenga BBS kwa ubia wa watoa huduma na msaada wa Benki ya Dunia. Bei za jumla zilishuka, kasi ikapanda, na madishi yakang'olewa uani.

Kung'olewa huko kulikuwa kwa haraka mno. Julai 2010, kabla SEACOM haijatimiza mwaka, kifaa cha kukuza mwanga kilichoko chini ya bahari karibu na Mombasa kiliharibika, na marekebisho yakachukua zaidi ya wiki mbili. Februari 2012 mikongo ya Bahari ya Shamu ilikatika, EASSy ikiwemo, na siku chache baadaye meli iliyotia nanga pasipostahili nje ya bandari ya Mombasa ikaikata TEAMS. Waliokuwa wamebaki na dishi, hata bovu, walilirudisha kazini. Wengine walijifunza kwamba mkataba wa laini mpya ulikuwa umeandikwa kwa namna ambayo mkato wa baharini haukuwa kosa la muuzaji.

Njia mbili ndani ya mtaro mmoja

Ushauri uliotolewa na wataalamu baada ya mwaka 2012 ulikuwa mmoja: nunua laini mbili kutoka kwa wauzaji wawili. Ushauri huo ni sahihi kwa hesabu. Laini moja yenye upatikanaji wa asilimia 99.5 huruhusiwa kukatika jumla ya saa 43 na dakika 48 kwa mwaka. Laini mbili za kiwango hicho, zisizotegemeana kabisa, hutazamiwa kukatika kwa pamoja dakika 13 tu kwa mwaka. Kutoka karibu siku mbili hadi robo saa: hakuna uwekezaji mwingine unaoleta nafuu kubwa hivyo.

Tatizo liko katika maneno "zisizotegemeana kabisa". Hesabu hiyo huporomoka pale laini mbili zinapopita mahali pamoja, kwa kuwa jembe moja la katapila hukata zote. Nchini Uganda barabara kutoka Kampala hadi Masaka ndiyo inayoelekea Mutukula, kwa Tanzania, na ndiyo inayoelekea Katuna, kwa Rwanda. Mwenye kutoka Kigali akitafuta njia ya kaskazini kwenda Mombasa hupita hapo, na mwenye kutoka Kampala akitafuta njia ya kusini kwenda Dar es Salaam hupita hapohapo. Mei 2023 mto Katonga ulifurika na barabara hiyo ikafungwa. Magari yakazungushwa kupitia Gomba na Sembabule. Gari la mafundi halina njia yake ya pekee. Lingeitwa upande wa pili wa daraja siku hizo, lingezunguka kama malori.

Kuna pia desturi ya kukodishana nyuzi. Mtoa huduma asiye na mtaro wake hukodi jozi ya nyuzi ndani ya mkongo wa mwenziwe, kisha huuza laini kwa jina lake. Jambo hili si kosa. Lisingekuwepo, gharama zingebaki juu na barabara zingefukuliwa kila mwezi. Lakini mteja hupata ankara mbili, nembo mbili, namba mbili za huduma kwa wateja, na mtaro mmoja. Maafisa ununuzi wa taasisi za umma, ambao kanuni zao zinawataka kulinganisha bei na vyeti vya wazabuni, hawana mahali pa kuandika swali la mtaro katika fomu zao.

Ukanda wa kaskazini nao ulikwisha kutoa onyo la mapema, kabla ya mikongo. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera na mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda. Wachumi walijadili maghala ya mafuta. Waliokuwa wakichora ramani za nyuzi katika miaka hiyohiyo walizichora kando ya ukanda uleule.

Tiketi inavyosafiri

Namna matengenezo yanavyoendeshwa huonekana vizuri kwa kufuata lalamiko moja. Chukuliwe mfano wa kubuni wa benki iliyoko Bujumbura, yenye laini ya kukodi inayokwenda Dar es Salaam kupitia Kobero na Kabanga. Laini inapokatika saa nane usiku, mfanyakazi wa benki hupiga simu kwa muuzaji. Muuzaji hukagua kwanza ruta iliyoko benki, na mara nyingi humwomba mteja aizime na kuiwasha. Kisha hukagua nyuzi za mjini. Akiona pako salama, hufungua tiketi kwa mwenye mkongo wa taifa. Huyo naye hupima kwa kifaa kinachotuma mwanga na kusoma umbali wa mkato, na kugundua kwamba mkato uko ng'ambo ya mpaka. Tiketi ya tatu hufunguliwa kwa mwenzi wa Tanzania. Iwapo upande wa nchi kavu ni mzima wote, ya nne huenda kwenye kituo cha kutulia mkongo ufukweni, na ya tano kwa ubia wenye mkongo wa baharini.

Kila tiketi ina saa yake inayoanza upya. Mkataba wa benki unasema muuzaji atajibu ndani ya saa moja, naye amejibu. Mkataba wa muuzaji na mwenye mkongo unasema saa nne, na huenda hautaji upande wa pili wa mpaka. Ubia wa baharini hautoi ahadi ya saa kwa benki ya Bujumbura. Haijui kama benki hiyo ipo. Kwa hiyo inawezekana kila mmoja akawa ametimiza wajibu wake kimaandishi, huku laini ikiwa imelala siku tatu.

Lugha pia imo. Tiketi inayoanza kwa Kifaransa Bujumbura huandikwa upya kwa Kiingereza ili ivuke Kabanga, na mafundi wa pande zote mbili, wakipigiana simu moja kwa moja, huelewana kwa Kiswahili. Simu hizo zisizo rasmi ndizo ambazo mara nyingi huokoa muda. Hazimo katika mkataba wowote, na fundi akihamishwa kituo huondoka na namba zake.

Asilimia zinazotajwa katika mikataba hupaswa kusomwa kwa jicho hilo. Asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 46 za kukatika kwa mwaka, asilimia 99.99 ni takriban dakika 53. Mkato wa wiki tatu ni saa 504, na huishusha laini ya mwaka mzima hadi asilimia 94.2. Hakuna muuzaji anayeweza kuahidi 94.2 katika soko, na hakuna anayelazimika kuikiri, kwa kuwa mikataba mingi huondoa matukio yaliyo nje ya uwezo wa wahusika kabla ya kupiga hesabu. Pale fidia inapolipwa, kwa kawaida huwa ni punguzo la sehemu ya ada ya mwezi. Hospitali iliyoshindwa kufungua majalada ya wagonjwa hurudishiwa fedha za intaneti. Hasara yake haikuwa ya intaneti.

Malango mawili mwaka 2024

Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu, ikiwemo ile inayotumiwa na SEACOM kuelekea Ulaya. Maafisa wa Marekani walieleza kuwa chanzo kinachoelekea kuwa kweli ni nanga ya meli Rubymar, iliyoshambuliwa na Wahuthi na kuachwa ikielea. Katika hali ya kawaida meli ya matengenezo ingefika mapema. Lakini mkato ulikuwa katika maji yenye vita, ndani ya nchi yenye serikali mbili zinazoshindana, na kibali cha kuingia kilichukua miezi. Mawasiliano yakaelekezwa kusini. Ndiyo maana mkato wa Mei karibu na Afrika Kusini, ambao peke yake ungekuwa usumbufu wa siku chache kwa taasisi nyingi, uligeuka kuwa janga la kanda.

Waliokuwa na nafasi kwenye mikongo mingine iliyotua Mombasa waliendelea, ingawa kwa kasi pungufu. Rwanda na Kenya zilikuwa zimeruhusu setilaiti za mzunguko wa chini mwaka 2023, na baadhi ya ofisi zilirudi angani, kama zilivyofanya mwaka 2012, safari hii bila ucheleweshaji wa nusu sekunde. Meli ya matengenezo, Léon Thévenin, iliyoundwa mwaka 1983 na yenye kituo chake Cape Town, ilikwenda kuunganisha mikongo, na huduma ikarejea karibu wiki tatu baada ya mkato. Iwapo mkato ungetokea mbele ya Mombasa, meli hiyo ingepaswa kusafiri zaidi ya kilomita 4,000 kabla ya kutia ndoano majini.

Kwa washauri wa sera, mambo mawili yanajitokeza katika kumbukumbu hizi. La kwanza ni kwamba wadhibiti wa kila nchi hupima ubora wa huduma ndani ya mipaka yao, ambako matatizo ya laini za kukodi huwa madogo kuliko yale ya mpakani na baharini. La pili ni kwamba kanda imekwisha kuonesha uwezo wa kuvuka mipaka inapotaka. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini zilianza kupunguza gharama za simu kati yao chini ya mpango wa eneo moja la mtandao, na vituo vya pamoja vya mpakani vimewezesha lori kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Umoja wa wadhibiti, EACO, una sekretarieti yake Kigali. Makubaliano ya bei za simu yaliwezekana kwa sababu mawaziri waliweza kuyatangaza na wananchi wakayaona kwenye ankara zao. Kibali cha mafundi wawili na mashine ya kuunganishia nyuzi kuvuka Kabanga saa tisa usiku, bila kulipia dhamana ya forodha, hakina sherehe ya uzinduzi.

Vivyo hivyo kwa ramani. Mdhibiti anayetoa leseni anaweza kumtaka muuzaji wa laini ya kukodi amwoneshe mnunuzi, kwa siri ikibidi, barabara na mitaro ambayo laini yake hupita hadi ufukweni, pamoja na jina la mwenye kila kipande. Wauzaji wamekuwa wakipinga kwa hoja ya usalama na ya ushindani, na hoja ya usalama si ya kupuuzwa katika kanda ambako nyaya zimekuwa zikikatwa tangu enzi za Koitalel. Lakini mtaro ulioko kando ya barabara kuu una nguzo fupi za zege zilizoandikwa jina la mwenyewe kila baada ya mita kadhaa, na mwenye katapila huziona. Asiyeziona ni afisa ununuzi aliyeko Kigali au Bujumbura, anayetia saini mkataba wa miaka mitatu wa laini ya pili.